Zisiguswe, Zinangoja Wenyewe

Saint Paul, Minnesota
Jumatano

Kwako mdogo wangu Wakio,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote walioko chini ya paa lile, hata kama paa lenyewe linavuja. Magoti yako yanaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi za zahanati ukishika ukuta, kisha ukaanza kunieleza habari za kuku ili nisikuulize zaidi. Nimekuuliza sasa. Unijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote. Sisi huku hatujambo. Mwadime yuko na zamu zake za hospitali, analalamika mgongo na hataki kukandwa. Mimi nimenenepa kidogo. Theluji inayeyuka na kuonyesha glavu zote zilizopotea tangu Novemba, kila moja peke yake barabarani.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu mimi nawe hatuwezani. Ukinitumia sauti ya dakika tatu mimi husikiliza moja, nikakasirika, nikakujibu kabla hujafika penye maana. Mama mmoja wa kanisa letu la Brooklyn Center anasafiri wiki hii kwenda Mombasa, na ameahidi kuishusha barua hii Voi kwa mkono wake. Isome yote. Ukiona naanza mambo ya treni usiseme nimelikwepa swali lako.

Swali lako nimelisikia. Mchwa wamefika chumbani kwa mama, sanduku lake mmeliinua juu ya matofali, na mama mdogo Maria anataka lifunguliwe na nguo zigawanywe kabla ya Pasaka. Mimi ndiye niliyesema mwezi wa Desemba kwamba mtu asiliguse mpaka nije. Mimi ndiye kifungua mimba, na kwetu sanduku la mama hufunguliwa na binti wa kwanza, naye huchagua mwanzo, halafu dada za marehemu, halafu wengine. Hakuna aliyebishana nami. Mmelizunguka sanduku tangu Agosti mkifagia pembeni mwake. Nitakujibu, lakini niache kwanza nikueleze siku yangu ya jana, maana jibu nililipata huko.

Hali ya karatasi zangu unaijua, ila nairudia kwa ajili ya mama mdogo, kwa kuwa najua utamsomea. Nikitoka nchi hii kabla ya kupewa ruhusa ya kusafiri, inahesabika nimeyaacha maombi yangu, na Mwadime atabaki huku nami huko tukianza upya kama wachumba. Ndiyo maana mama alizikwa nikitazama kwenye simu, picha ikiganda kila mara Mchungaji alipoinua mkono. Kazi ya mshahara pia siruhusiwi bado. Basi nilikaa ndani nikipika, nikifua, nikipiga deki sakafu ambayo haina vumbi, mpaka siku moja Mwadime akaniambia, "Mghoi, naona sasa utanifua na mimi. Si utafute place u-volunteer, hata kama ni siku mbili kwa wiki? Hiyo wana-allow." Nilinuna siku nzima. Wiki iliyofuata nilikuwa nimepata duka.

Jana ilikuwa Jumanne, na Jumanne na Alhamisi ndizo siku zangu za duka. Gari huondoka na Mwadime alfajiri, kwa hivyo mimi ni mtu wa treni. Usidhani ni treni kama ile inayopita hapo Voi. Hii ni fupi, mabehewa mawili au matatu, nayo hupita katikati ya barabara na kusimama kwenye taa pamoja na magari. Tiketi unakata mwenyewe kwenye mashine, hakuna lango wala kondakta, unaingia tu na dhamiri yako. Mara mojamoja huingia watu wawili wenye sare wakiuliza tiketi, na hapo ndipo utaona abiria wanavyokumbuka ghafla kwamba hiki ndicho kituo chao. Juu ya kituo kuna vyuma vya joto. Unabonyeza kitufe, vinawaka muda mfupi, vinazima, unabonyeza tena. Watu husimama chini yake wamebanana bila kusalimiana. Nilipokuwa mgeni nilikuwa nawaamkia wote, mmoja mmoja. Waliniitikia vizuri sana, kisha wakasogea kidogo. Sasa nanyamaza, na hakuna anayesogea.

Jana nilikaa dirishani. Mbele yangu palikuwa na wanawake wawili wa kazi za wagonjwa wakirudi kutoka zamu, viatu vyeupe, vichwa vimeegemea kioo. Mwanamume mmoja alikuwa amelala viti viwili na mfuko wake kifuani. Wanafunzi waliingia, wakashuka chuoni. Tulivuka mto Mississippi, barafu imebaki kandokando tu, katikati maji yanakwenda, nami nikashuka kituo changu. Sihesabu vituo kwa vidole tena.

Duka ni la kanisa moja la hapa. Watu hutoa vitu vyao sadaka, sisi tunaviuza kwa bei ndogo, na kinachopatikana kinawapikia chakula wasio na makao. Mkuu wetu ni Joan, mama wa miaka sabini na kitu, mrefu, anayevaa sweta ileile ya kijani. Joan hajawahi kuniambia nimekosea. Akiona jambo lisilompendeza husema, "Hiyo ni tofauti kidogo," kisha huenda zake. Ilinichukua majuma kadhaa kugundua kwamba nilikuwa nakemewa.

Mimi nafanya kazi nyuma. Mifuko inaletwa mlangoni, naifungua juu ya meza, natenga: safi huku, zenye madoa kule, zilizotoboka kwenye pipa. Safi zinapigwa mvuke, zinatundikwa, zinatiwa lebo. Nguo ikikaa mwezi mmoja bila kununuliwa inashushwa, inashindiliwa kwenye robota pamoja na nyingine, na lori linakuja kubeba. Ungecheka, Wakio. Miaka yote ile pale soko la Voi nilikata kamba za marobota huku nikimwomba Mungu nipate kamera, zile za daraja la kwanza, asinipe fagia, zile mbovu za mwisho. Sasa najua fagia inatoka wapi. Inatoka mikononi mwangu. Kila nikishindilia robota namwaza mama fulani atakayelifungua kwa roho mkononi, na mara mbili nimechomeka sweta nzuri katikati bila Joan kuniona.

Jana nilipoingia nilimkuta mzee ameketi kando ya mlango wa nyuma, kofia mapajani. Nilimjua mara moja. Anaitwa Harlan. Alikuja mara ya kwanza wiki nne zilizopita, Jumanne vilevile, akishusha kwenye gari lake nguo za kike mifuko minne. Wengine hutupa mifuko na kuondoka kabla hujawaitikia. Huyu alileta mmojammoja, akauweka mezani kwa taratibu. Ndani nguo zilikuwa kwenye hanga zake, zimepigwa pasi, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Nikamwuliza ni za nani.

"Za mke wangu, Lois," alisema. "Alifariki Novemba."

Sasa niambie wewe, ungefanyaje? Nilifanya ambalo hata wewe ungelifanya. Niliweka hanga chini, nikampa pole kwa mikono miwili, nikamvutia kiti na kumchemshia chai. Alishangaa kidogo, lakini aliinywa. Kisha nikamwuliza mabinti zake wamechagua nini. Akasema ana binti mmoja, yuko Oregon, naye amemwambia baba atoe vyote. Nikamwuliza habari za dada za marehemu. Akasema yuko mmoja, anaishi Coon Rapids, hajamwuliza. Nikauliza mawifi. Akatazama kikombe. Yaani kabati la mama yule lilifunguliwa na mumewe peke yake, akakunja peke yake, akapiga pasi peke yake, na sasa anawapelekea watu baki kabla hata dada wa tumbo moja hajagusa leso. Nilimhurumia sana. Niliona huyu ni mtu aliyevurugwa na msiba, hana wa kumshika mkono, na anakaribia kufanya kosa ambalo yule shemeji wa Coon Rapids hatamsahaulia.

Nikamwambia, "Usijali, mzee. Tutazitunza vizuri."

"Haya basi," akasema, akavaa kofia, akaenda.

Sikumwambia nitazitunza vipi. Moyoni nilikuwa nimekata shauri. Zitakaa mpaka binti atulie roho, au dada apate habari, waje wachague kama watu. Nikazifunga upya, nikazisukuma chini ya meza ya mwisho kabisa, na kila mfuko nikaubandika karatasi yenye herufi kubwa, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho kilichonijia: ZISIGUSWE. ZINANGOJA WENYEWE. Joan aliyaona maandishi yale Alhamisi. Aliyatazama kwa muda, akaenda kupanga vikombe. Nami nilipanda treni ya kurudi nikijisifu kwamba walau mtu mmoja katika mji huu amemheshimu mama yule.

Jana basi Harlan alisimama aliponiona, akaniomba radhi kwa kunisumbua. Hawa watu huomba radhi hata ukiwakanyaga wewe.

"Nilitaka kuuliza tu," alisema. "Zile nguo zilikuwa na tatizo?"

"Tatizo gani?"

"Nimekuwa nikija. Jumatano na Jumamosi. Nazunguka pale mbele zinapotundikwa, sijaiona hata moja." Alikuwa akiizungusha kofia vidoleni. "Lois alikuwa mwangalifu sana na nguo zake. Nilifikiri labda zina harufu ya ugonjwa, ingawa nilizifua mara mbili. Kisha nikafikiri mmeziona hazifai, mmezitupa. Ni sawa kama mmezitupa. Nataka kujua tu."

Wakio, nilisikia aibu mpaka masikioni. Wiki nne mzee wa watu anazunguka kati ya nguo za wengine akitafuta za mkewe, siku ambazo mimi siko, na jioni anarudi nyumbani akiamini kwamba mkewe ameonekana hafai kwa duka la sadaka. Na aliyemfanyia hivyo ni mimi, kwa heshima zangu.

Nikamwambia hazijatupwa, ziko hapahapa, hakuna hata kifungo kilichopungua. Nikamweleza kwamba nilikuwa nawangoja binti yake na dada wa Lois waje kuchagua.

"Waje kwa nini?" aliuliza. Hakuwa mkali. Alikuwa anauliza kweli.

"Kwetu ndivyo inavyofanywa," nilisema. "Wa kwake kwanza."

"Lois mwenyewe alinunua nusu ya nguo zile kwenye maduka kama haya," alisema. "Alipokuwa kitandani aliniambia nisikae nazo. Alisema, peleka mapema, makoti yapate mtu kabla baridi haijaisha. Mimi nikachelewa. Ilinichukua mpaka Februari kufungua lile kabati." Halafu akasema, "Nilitaka kuona moja tu ikitoka mlangoni. Nilidhani nikiona hivyo nitaweza kukaa nyumbani."

Joan alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini. Ilibidi nimweleze yote, na Kiingereza changu kikiwa na haraka huwa hakina breki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni tofauti kidogo," alisema.

Kisha akainama na mgongo wake ule, akavuta mfuko wa kwanza. "Nilidhani ni vitu vya kanisa lenu," alisema. "Sikutaka kuingilia." Akaniuliza karatasi inasema nini. Nikamtafsiria. Aliibandua polepole bila kuichana, akanipa, nami nikaitia mfukoni kwa sababu sikujua nifanye nini nayo.

Tulizitoa zote asubuhi ileile, sisi watatu. Mimi nilipiga mvuke, Joan akatia lebo, Harlan akawa anatupokeza hanga. Nilingoja asimulie, hii alivaa siku fulani, hii tulinunua mahali fulani, kama tunavyofanya sisi. Hakusimulia. Alisema mara moja tu, juu ya gauni la maua, kwamba hilo hakulipenda na hakuwahi kumwambia. Joan akacheka, naye akacheka.

Makoti tuliyaweka mbele kabisa karibu na dirisha. Lilikuwapo moja la bluu, zito, la sufi, lenye kola pana. Ungeliona ungeliita kamera bila kufikiri. Haikupita saa akaingia mama mmoja amejifunga kitenge chini ya jaketi jepesi la mvua. Nilijua ni Mkongomani, katika zile familia zilizotolewa kambini na kupewa makao hapa. Aliligusa koti lile, akaenda kwenye viatu, akarudi. Mwishowe akanitazama.

"Mama, unasema Kiswahili?"

"Nasema."

"Aksanti Mungu. Hii kabuti ni bei gani? Niko naenda kazi saa kumi na moja ya asubui, na bus inachelewa. Baridi inaniingia mpaka ku mifupa."

Nikamtajia bei. Akalivaa. Mabegani lilimkaa vizuri, lakini mikono ilimfika vidoleni. "Maboko yake ni marefu," alisema, akaanza kulivua.

Harlan alikuwa kwenye rafu ya vitabu, ameshika kimoja juu chini. Alikuja pale, akasimama mbele yake, akanyoosha mkono kidogo kama anayeomba ruhusa. Mama yule akanitazama, kisha akatoa mkono. Mzee akakunja upindo mara moja, akakunja tena, akausawazisha kwa kidole gumba. Akafanya vilevile mkono wa pili.

"Mke wangu pia alikuwa mfupi," alisema. "Alikuwa anafanya hivi."

"Juu ya nini huyu muzee ananivalisha?" mama akaniuliza kwa sauti ya chini.

Unakumbuka pale Voi wateja walivyokuwa wakiuliza kama mwenye nguo alikufa, nasi tukiapa kwamba hapana, Wazungu wanatupa tu kwa kuwa wanazo nyingi. Mdomo wangu ulikuwa tayari kuapa. Lakini mzee alikuwa amesimama pale.

"Koti ni la mke wake," nikamwambia. "Amefariki."

Mikono yake ikatulia kwenye vifungo. Niliona hapo tumemkosa mnunuzi.

"Alikufa ndani ya hii?"

"Hapana. Alikufa kitandani, kwa ugonjwa."

"Alikuwa naitwa nani?"

"Lois."

"Loisi," akasema. Akakifunga kifungo cha mwisho cha juu. Kisha akamgeukia mzee na kumpa mkono, wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kama tunavyowapa wazee wetu. "Aksanti, papa. Muambie nitaichunga."

Nikamwambia. Harlan aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Mama alilipa, akatoka nalo mwilini, jaketi lake la mvua likiwa kwenye mfuko. Kituo cha basi kiko upande wa pili wa barabara, kwa hivyo tulimwona. Alisimama pale kwa muda, mikono ndani ya mifuko ya koti, basi likaja, akapanda. Harlan alibaki dirishani mpaka basi likakata kona.

"Basi," alisema. "Haya basi."

Akavaa kofia yake. Hakugeuka kutazama nguo zilizobaki, na zilikuwa nyingi. Akatushukuru, akanipa mkono, nikamwomba msamaha kwa mara ya nne, akasema hakuna shida. Najua ilikuwepo shida. Wiki nne za baridi mama yule Mkongomani alisimama kituoni na jaketi la mvua, na koti liko chini ya meza yangu likiwangoja watu ambao hawakuwa wakija.

Nilifanya kazi mpaka saa tisa, nikapanda treni. Nililia kidogo. Mtu akilia ndani ya treni hapa, wote huinamia simu zao. Ndiyo adabu yao, na jana ilinifaa.

Sasa nakujibu. Nilipokuambia mwezi wa Desemba kwamba sanduku lisiguswe, nilisema nalinda heshima ya mama na desturi yetu. Mama mdogo aliposema tusingoje, nilimwita mwenye tamaa, nawe ulisikia. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilijiambia kwamba maadamu sanduku limefungwa, msiba haujaisha, nami bado niko njiani. Kwamba mama yumo mle ananisubiri, nikichelewa nitaeleza. Likifunguliwa bila mimi, basi amezikwa, na nguo zake zimegawanywa, na mimi sikuwapo kwa lolote. Sikutaka kuwa mtu huyo. Kwa ajili hiyo nimewafanya ninyi wote mtembee mkilizunguka, kama yule mzee.

Mama mdogo anaishi huko juu Wundanyi, na mvua hizi zinaanza, na kifua chake ndicho hicho. Ile sweta nzito ya kijivu ya mama imo sandukuni. Na lile shali la sufi, na blanketi alilopewa na akina mama wa kanisa. Mwaka jana msimu wa baridi mama mdogo alikohoa mpaka mkampeleka kupigwa picha ya kifua. Sikulifikiri hilo hata mara moja. Nilifikiria zamu ya kuchagua.

Lifungueni, Wakio. Msingoje Pasaka. Barua hii ikikufikia siku ya kazi, lifungueni Jumamosi yake, mchana, madirisha yakiwa wazi. Na ulifungue wewe. Wewe ndiye uliyemwogesha, wewe ndiye uliyelala chini ya kitanda chake wodini juu ya leso. Mimi nilizaliwa mbele yako, hilo halibadiliki, lakini binti wa kwanza kwa mambo haya ni yule aliyekuwepo. Akiuliza mtu, msomee hapa.

Msiniwekee fungu. Najua utataka kunifichia kitu, hata leso moja, unitumie na mtu. Usifanye hivyo. Kila kitu kipate mwili wa kukivaa huko huko. Na usinitumie picha ya sanduku. Mama mdogo atakapokwenda kanisani na sweta ile, umpige picha akiwa njiani, unitumie hiyo.

Nisalimie kaka yetu Mwakio, umwambie asimalize paa kabla ya kuua mchwa, atapoteza mbao zake. Nisalimie mama Shali jirani, aliyetupikia siku zote za matanga na hajawahi kutudai hata sufuria. Nisalimie Mchungaji. Wifi yako wa Mbololo umwambie nimepokea maombi yake na nimeyahitaji.

Na mama mdogo Maria umsalimie peke yake, siyo pamoja na wengine. Mwambie namwomba msamaha kwa neno lile. Mwambie nafasi yangu ya kuchagua kwanza nimempa yeye, asione haya, achukue chenye joto kuliko vyote.

Ni mimi dada yako, kifungua mimba wa mama yetu, ambaye sikuja,

Mghoi